Dirisha la Nne

Tarehe 4 Machi

Mpwa wangu Nesi,

Pokea salamu za mjomba wako, mtu mkubwa sasa. Mchezo wangu wa mezani umekubaliwa! Wachapishaji walisimama wote ofisini wakapiga makofi, mkurugenzi akanivutia kiti kwa mkono wake mwenyewe, na masanduku elfu kumi yatakuwa madukani kabla mwaka haujaisha.

Haya, rudi ukae. Mkurugenzi sijamwona hata kisogo. Makofi nilisikia kweli, ila alikuwa dada wa mapokezi anaua mbu. Na mchezo haujakubaliwa, umepokelewa tu. Kwa wachapishaji hivyo ni vitu viwili, na kati ya kimoja na kingine mtu anaweza kuota mvi. Bahati yangu mimi zilishaota.

Huku nyumbani wazima. Mama yako goti linamsumbua, mdomo mzima kabisa. Juzi alibishana na fundi bomba mpaka fundi akasahau spana zake kwetu. Ndiyo maana namwita dada yangu Jaji, na sitaacha. Yeye bado anakalia kigoda, mimi bado nakalia kiti cha mikono pale dirishani. Unaijua sheria yetu: anayeshinda Jumapili anakalia kiti wiki nzima. Miaka thelathini na moja sasa. Kigoda nimekikalia mara nne tu, na mara zote nilikuwa na homa.

Sasa jambo lenyewe. Mchezo niliowapelekea ndio huohuo wa kwetu, Njoo Kesho. Ubao una madirisha saba ya ofisi. Kila mchezaji ana mafaili matano na karani mmoja. Zamu yako ikifika, unasogeza faili dirisha moja mbele, au unamkalisha karani wako kwenye dirisha ili wenzako wasipite. Anayetoa mafaili matatu mlangoni ndiye mshindi. Niliutunga mwaka ule nilipokuwa nafuatilia kibali cha karakana yangu ya fremu. Kibali sikupata, mchezo nikapata.

Lakini nimeshakoma na hawa watu. Mchezo wangu wa kwanza ulikuwa wa wauza kuku. Ukatoka dukani una mazimwi. Nikauliza, kuku wangu wako wapi? Wakasema mazimwi yanauzika. Wa pili walichapa jina langu ndani ya kifuniko, halafu wakapaka gundi juu yake. Sasa huyu mhariri mpya, kijana mmoja mwenye miwani mikubwa kama madirisha ya basi, kaniuliza: "Mzee, mchezo wako unafundisha nini?" Nikamwambia unafundisha kusubiri. Akaandika!

Tena anasema lazima ujaribiwe na watu wasionijua, kwa kanuni za maandishi, na mimi nisiwepo. Mchezo wangu, mezani, bila mimi! Basi nimeandika. Mimi niliyeacha shule darasa la nne nimeandika kanuni nane kwa siku kumi na moja, vidole viliniuma kuliko miaka yote ya kupiga randa. Nakutumia sanduku. Kaa na manesi wenzako watatu, mcheze kwa karatasi tu, uniambie ukweli.

Mjomba wako,
Fundi

*

Tarehe 18 Aprili

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta salama wewe na mama. Mwambie ile dawa ya goti apake, asiiweke kabatini kama pambo. Mimi sijambo. Hospitali ni kubwa, korido ndefu, kazi ni nyingi lakini nimeshazoea. Chumba nilichopewa kina dirisha zuri.

Sanduku nililipata, asante sana. Samahani kwa kuchelewa kujibu, zamu zimenibana. Tumeucheza mara nyingi na wenzangu na wameupenda mno. Kanuni zinaeleweka. Dadu zinarushwa vizuri na kila mtu anafurahi. Waambie wachapishaji wasicheleweshe.

Mpwa wako akupendaye,
Nesi

*

Tarehe 2 Mei

Nesi,

Salamu kwako na kwa dirisha lako zuri. Mama yako dawa anapaka, ila anapaka goti lisilouma, anasema anazuia.

Mpwa wangu, katika mchezo wangu hakuna dadu.

Hakuna, na haijawahi kuwepo. Nilifungua kabati kuhakikisha, labda niliota. Mafaili ishirini, makarani wanne, ubao mmoja, karatasi ya kanuni. Hizo dadu mlirusha za nani? Mlikuwa mnacheza mchezo wa jirani?

Sanduku liko chini ya kitanda na kamba yake hujaifungua. Usinijibu sasa hivi, ona haya kwanza, mimi nasubiri. Sikasiriki. Nimekasirika, lakini hasira yenyewe imepanga foleni, maana mbele yake kuna ya wachapishaji.

Nimekwenda pale mara nne. Mara ya kwanza Miwani yuko kikaoni. Mara ya pili kikao kiko kwa Miwani. Mara ya tatu dada wa mapokezi ananiambia, "Mzee, njoo kesho," halafu akaziba mdomo na kucheka, kumbe na yeye kauona mchezo. Mara ya nne nikaketi kwenye benchi lao tangu wanafungua, nikala chapati yangu pale pale ili wajue nimehamia.

Miwani akatoka. "Mzee, tuna tatizo kwenye dirisha la nne."

"Dirisha la nne lina nini?"

"Watu wetu wameucheza mara sita. Mara zote sita makarani wanajazana dirisha la nne, hakuna anayeweza kupita, hakuna anayetaka kuondoka. Mchezo unagoma. Wanaishia kutazamana."

"Watu wako hawajui kucheza."

"Wamefuata kanuni zako, mzee. Neno kwa neno."

Nikamwambia miaka thelathini na moja mchezo huu haujawahi kugoma, hata siku moja, na dada yangu ni shahidi. Akafuta miwani yake. Mpwa wangu, mtu anayefuta miwani wakati unamwambia ukweli ni mtu wa dharau.

Fungua sanduku. Cheza. Ni wewe tu uliyebaki.

Fundi

*

Tarehe 11 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Haya nimeona, nyingi tu. Naomba radhi.

Sanduku lilikuwa chini ya kitanda, kama ulivyosema. Sikukuambia kwa nini, na sikutaka kumwandikia mama kwa sababu angepanda basi siku hiyohiyo. Nyumbani mnacheza wawili, lakini karatasi yako inataka watu wanne, mjomba. Sikuwa na watatu. Tangu nifike hapa nilikuwa naenda zamu, narudi, nafunga mlango. Watu hapa wanasalimiana wakitembea.

Barua yako ilipofika nilicheka peke yangu kwa sauti mpaka mkunga wa chumba cha pili akagonga kuuliza kuna nini. Nikamsomea ile ya dadu. Akasema, "Lete hilo sanduku tulione." Akamwita mpishi wa hospitali, mwanamke mnene mwenye kicheko cha kutisha wagonjwa, na bwana mmoja wa maabara ambaye hasemi. Sasa tunacheza kila Jumatano mchana kwenye chumba cha kuhifadhia shuka.

Lakini Miwani hajakosea. Tumecheza mara tano na mara zote umegoma dirisha la nne. Jumatano iliyopita tulikaa tunatazamana mpaka bwana wa maabara akafungua mdomo kwa mara ya kwanza tangu nimjue: "Huyu mjomba wako ana chuki na watu?"

Nimesoma kanuni zako nane mara kwa mara, nimetafuta ulichosahau, sijaona. Nyumbani kwetu mchezo haugomi, hilo na mimi nakumbuka. Mama anakasirika, wewe unapiga hadithi, halafu ghafla faili lako limeshapita. Kwa hiyo niambie, mjomba: pale dirisha la nne huwa kunatokea nini?

Nesi

*

Tarehe 30 Juni

Nesi,

Salamu kwa mkunga, mpishi, na huyo bwana wa maabara mwenye ulimi mmoja wa akiba. Mama yako nimemwambia una marafiki watatu. Akauliza wanakula nini. Sijui, mwandikie.

Na siku nyingine ukiwa huna watu useme huna watu. Mjomba si wa kupokea shikamoo tu.

Pale dirisha la nne hakutokei kitu. Chezeni kwa moyo.

Miwani kanipa barua yenye mhuri. Anasema orodha ya michezo ya mwakani inafungwa tarehe thelathini Septemba, na ikifungwa ofisi haitapokea mingine kwa miaka mitatu. Mimi nina sabini na mbili. Hesabu sikusoma sana, lakini hiyo naiweza. Mazimwi si yangu, na ule mwingine uko chini ya gundi. Huu nataka utoke kama ulivyo, na jina langu juu ya kifuniko, mahali ambapo mtu anaweka mkono akifungua. Sitaki kingine.

Basi nimekuwa nikirekebisha. Nimeongeza dirisha la nane: ukagoma dirisha la tano. Nimepunguza makarani: mpangaji wetu, yule fundi saa, akashinda kabla chai haijapoa, akasema huu si mchezo, ni kutembea. Nimeweka kadi ya bosi anayefukuza makarani. Miwani akaipenda! Akasema tumfanye bosi awe simba, na ofisi iwe msitu, na mafaili yawe swala. Nikamuuliza, swala wanaenda dirishani kufuata nini? Akasema watoto hawaulizi. Nikamwambia mimi nauliza.

Nilitoka pale nimevimba kama andazi. Nikapita barabara nzima nasema peke yangu, muuza magazeti akanisogezea kiti.

Usiniulize tena habari ya dirisha la nne.

Fundi

*

Tarehe 27 Julai

Mjomba,

Shikamoo. Tunaendelea vizuri. Mpishi anamsalimu mama na anasema hapa tunakula vizuri kuliko wagonjwa. Mimi nimepewa wodi ya watoto, na nimeipenda.

Nitakuuliza tena habari ya dirisha la nne, na safari hii nitajijibu mwenyewe.

Unakumbuka nilipokuwa na miaka saba nilikuwa nacheza chini ya meza Jumapili, na vile vipande vyako vya fremu? Kutoka pale nilikuwa naona miguu ya mama, miguu yako, na kwenye kioo cha kabati la vyombo naona meza yote juu. Wewe ulidhani kioo kinaangalia ukuta.

Uso wako ulikuwa unamtazama mama. Ukamwambia, "Dada, hebu sikiliza, si geti hilo limegongwa?" Mama akageuza kichwa. Na kidole chako kidogo cha mkono wa kushoto kikasukuma faili likampita karani wake kama mtu anayefuta vumbi. Halafu ukaendelea na hadithi yako, hukupepesa hata jicho.

Sikusema siku ile. Wiki hiyohiyo nilikuwa nimevunja cherehani ya mama kwa kushona kipande cha ubao, na wewe ulijua ni mimi ukanyamaza. Nami nikaona ni haki ninyamaze.

Mjomba, mchezo wako haugomi kwa sababu wewe unaiba.

Jumatano nimewaambia wenzangu. Mpishi alicheka mpaka shuka zikaanguka. Kisha tukacheza tena, safari hii kila mtu akiruhusiwa kuiba kama hajaonekana. Mjomba! Bwana wa maabara ni mwizi wa kuzaliwa. Mkunga alikwenda msalani akarudi hana karani. Tulipiga kelele mpaka mkuu wa wodi akaja, tukampa nafasi akacheza. Mchezo haukugoma hata mara moja.

Iandike. Iwe kanuni ya tisa.

Nesi

*

Tarehe 19 Agosti

Nesi,

Salamu. Hapa wazima.

Umekosea. Kioo kile kilikuwa na ufa.

Tena fikiri kwanza kabla hujamshauri mtu mzima. Nikiandika kanuni hiyo ikachapwa, Jaji ataisoma. Yeye husoma mpaka karatasi za dawa ya mende. Ataisoma, ataniangalia, ataangalia kiti.

Orodha na ifungwe tu.

Fundi

*

Tarehe 2 Septemba

Mjomba,

Shikamoo, na mama msalimie.

Siandiki mengi. Hapa Jumatano sasa wanakuja watu tisa, tumetengeneza ubao wa pili kwa kadibodi. Mimi nilikuwa nafunga mlango, mjomba. Sasa nikichelewa wananigongea. Huo ni mchezo wako, na kitu kinachoufanya uwe mchezo ni kile kidole chako. Ukikificha, unabaki na ubao wa watu kutazamana.

Na usiniombe niseme kanuni tumebuni sisi manesi. Naona wazo hilo linakuja, nakujua. Sitasema.

Siku ishirini na nane zimebaki.

Nesi

*

Tarehe 9 Oktoba

Mpwa wangu Nesi,

Salamu nyingi, na samahani kwa kimya. Sikuwa na mahali pazuri pa kukaa kuandika. Utaelewa.

Wazo la manesi lilikuwa limeshakuja kabla ya barua yako. Nilikaa nalo wiki mbili, nikaligeuza huku na huku, tamu kweli. Lakini tarehe ishirini na tatu nikachukua kalamu nikaandika hivi:

"Kanuni ya tisa. Mchezaji akiona wenzake wameangalia kando, aweza kusogeza faili lake mbele hata kama karani amekaa. Akishikwa kabla hajaondoa kidole, faili linarudi mwanzo. Asiposhikwa, ni halali yake."

Nikampelekea Miwani. Akaisoma amesimama. Akamwita mwenzake, na dada wa mapokezi akaacha meza yake, wakatandika ubao palepale kwenye kaunta. Mara Miwani ananiuliza, "Mzee, huyo nani nyuma yako?" Nikageuka! Nikageuka mimi, bwana, na niliporudisha macho faili lake liko dirisha la tano. Nilimtazama yule kijana kwa jicho jipya. Simba hakutajwa tena. Swala wamerudi porini. Jina langu liko juu ya kifuniko, nimeona mchoro, nimelishika kwa kidole.

Sasa ngoja. Wachapishaji hawawezi kukupa kitu bila kukutafutia na msumari wa kukalia. Mkataba unataka shahidi aliyeona mchezo ukitungwa, asaini kila ukurasa. Nani mwingine aliyeona? Nikaziweka karatasi mbele ya mama yako nikamwambia, "Dada, saini hapa, hapa na hapa, mambo ya ofisi tu."

Akavaa miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza na kidole chini ya mstari. Wa pili. Wa tatu. Mimi nikaanza kusafisha kibatari kisichotumika tangu tupate umeme. Wa nne akauliza, "Hii ya tisa tangu lini?"

"Mpya hiyo. Mambo ya soko."

"Nani kaitunga?"

Nesi, ulimi wangu ulishatamka "ma". Silabi mbili baadaye wangekuwa manesi. Nikameza. Nikasema, "Mimi. Zamani."

Akaniangalia juu ya miwani. "Jumapili ile dari lilipovuja, ukaniambia niangalie juu."

"Lilikuwa linavuja kweli, dada."

"Na ule moshi jikoni?"

Nikakirudia kibatari.

"Na siku ile uliyosema kuna nyoka kwenye pazia, nikapanda mezani na goti hili?"

"Siku hiyo goti lilikuwa bado zima," nikasema, na hapo ndipo nilipoharibu.

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga kelele. Alisaini kurasa zote kwa mwandiko ule wake wa kunyooka, na pembeni ya saini ya mwisho akaongeza maneno yake: "Mchezo ni wa kaka yangu. Niliona ukitungwa kwa macho yangu, isipokuwa yale aliyofanya nikiwa nimegeuka." Miwani ameyasoma akafa kwa kicheko, anataka kuyachapa nyuma ya sanduku, kwa herufi kubwa kuliko jina langu. Nimekataa. Ameniambia niende kesho tuzungumze.

Basi Jaji akainuka, akavuka chumba na goti lake, akakalia kiti cha mikono pale dirishani. Akajisogeza mpaka akaenea. Akasema, "Miaka thelathini na moja. Utanilipa mmoja mmoja." Hiyo ilikuwa wiki iliyopita. Tangu hapo ananisemesha kwa kupitia fundi saa: "Mwambie kaka yangu chai tayari." Na fundi saa naye ananiambia, kana kwamba mimi niko mji mwingine.

Jumapili tulicheza kwa kanuni tisa. Aliniuliza kama nimefunga bomba la uani. Nikatoka kuangalia. Nesi, nilitoka! Niliporudi mafaili yake matatu yako nje ya mlango na yeye anakunywa maji.

Kigoda sasa nakifahamu. Kina miguu mitatu, mmoja mfupi, na katikati kuna fundo la mti ambalo limenifahamu na mimi.

Kwa hiyo nakumbusha habari ya cherehani. Unasema ulinyamaza kwa kuwa nilinyamaza, tumelipana. Hapana, mwanangu. Mimi sikunyamaza tu. Mama yako aliuliza nani kavunja, nikasema mimi, na wiki tatu nikala chakula cha baridi. Wewe ulinyamaza mbele ya kioo, mimi nilibeba lawama mbele ya Jaji. Kuna baki, na baki hiyo hujanipa.

Sikuombi kiti. Kiti akae nacho, ni haki yake, nimemwandikia na kanuni. Ila ule mto wa kijani, ule mdogo ulioushona wewe kwa hiyohiyo cherehani ilipotengenezwa, ameulalia mgongoni na wala mgongo haumuumi. Mwandikie leo, usingoje Jumatano. Mwambie anipe mto.

Mjomba wako,
Fundi